Gari la Zamani Linasita Mara Moja Moja: Skana, Geji, Kipuri cha Kuazima au Fundi wa Oskiloskopu?

Unakanyaga mafuta ili uingie barabara kuu, gari linanyamaza sekunde nzima, kisha linachomoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake linakwenda vizuri. Keshokutwa pia. Ukilifikisha gereji linanguruma kama lilivyotoka kiwandani, na fundi anakutazama kwa ile huruma ya mtu anayeona umekuja kumpotezea muda. Siku ya nne, ukiwa katikati ya makutano, linasita tena.

Wengi waliofika hapo hukwama kwenye swali la pa kuanzia. Ninunue skana, kile kifaa kinachosoma kompyuta ya gari? Nitafute geji nipime mwenyewe? Nibadilishe plagi na koili kwanza, maana kila ninayemuuliza anataja hizo? Au nimwachie fundi mwenye mitambo mikubwa? Njia zote nne zimewahi kuponya magari, na zote nne zimewahi kula miezi ya watu bila jibu. Hapa naziweka kwenye mizani moja. Nazungumzia injini za petroli. Dizeli ina magonjwa yake, likiwemo lile la kuvuta hewa kwenye bomba la mafuta, na linahitaji makala yake.

## Kabla ya kuchagua: gari linafanya nini hasa?

Mafundi wengi hutumia neno "kumisi" kwa kila kitu, na hapo ndipo upotevu unapoanza. Yako mambo matatu tofauti. Kusita ni injini kuchelewa kuitikia mguu: haitikisiki, inakosa nguvu tu kwa muda mfupi. Kumisi ni silinda kukosa mlipuko wake: unahisi mtikisiko, na sauti ya ekzosi inapoteza mpangilio. Kukatika ni moto au mafuta kutoweka mara moja, kama mtu amezima swichi. Ukiona mshale wa mizunguko ya injini unaanguka hadi sifuri ilhali gari liko kwenye gia na bado linakwenda, mshukiwa wa kwanza ni upande wa moto, hasa sensa ya krenki, ile inayofuatilia mzunguko wa shafti kuu ya injini.

Pili, weka daftari dogo ndani ya gari. Injini ilikuwa ya baridi au ya moto? Kulikuwa na mvua? Ulikanyaga taratibu au ghafla? Mlimani au tambarare? Tangi lilikuwa na kiasi gani? Sioni kifaa chochote kinachoshinda daftari lenye matukio kumi yaliyoandikwa vizuri. Linalosita wakati wa baridi tu linaelekeza kwenye sensa ya joto la maji, au kwenye choki kama ni la kabureta, kile kifaa cha kale cha kuchanganya petroli na hewa. Linalosita likishapata moto, hasa ukiliwasha tena baada ya kusimama kidogo, linaelekeza kwenye moduli ya moto, sensa ya krenki, au petroli inayogeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Unyevu huamsha nyufa za waya za plagi, koili na kifuniko cha distribyuta, inayogawa moto kwa plagi. Mlima mrefu huumbua filta iliyoziba, pampu iliyochoka, au masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi) yaliyojaa. Na kama linasita pale tu mguu unapoanza kushuka, kisha linatulia, tazama sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), au ile pampu ndogo ndani ya kabureta inayorusha petroli ya ziada unapokanyaga.

Hiyo ya kabureta haihitaji kifaa chochote. Zima injini, toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta huku ukivuta throto kwa mkono. Usipoona mrusho wa petroli mara moja, umemaliza kazi.

## Vigezo vya mizani

Kigezo kizito kuliko vyote kwangu ni hiki: je, njia hiyo inahitaji hitilafu iwepo wakati unapima? Hitilafu ya vipindi hujificha, kwa hiyo njia inayoweza kuona kilichotokea jana ina thamani tofauti na inayoona cha sasa tu. Baada ya hapo natazama njia inaona sehemu gani ya injini, inafaa gari la umri gani, inakudai jasho na muda kiasi gani, na jambo ambalo watu husahau kuuliza: inaweza kukudanganya vipi. Maana kila moja ina uongo wake.

## Njia ya kwanza: skana

Hitilafu iwepo? Si lazima, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kompyuta ya gari huhifadhi misimbo ya hitilafu, ikiwemo ile ya kusubiri ambayo bado haijawasha taa ya injini. Msimbo ukithibitika, huambatana na picha ya tukio: kasi, joto la maji, mizunguko na mzigo wa injini wakati ule. Hiyo ni sawa na kuwa na shahidi aliyekuwa kwenye gari. Lakini kusita kwingi hakuachi msimbo wowote. Kompyuta huvumilia, misimbo mingi hutaka tatizo lionekane katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake, na kusita kwa sekunde moja kunaweza kupita bila kuandikwa.

Inaona nini? Watu hununua skana kwa ajili ya misimbo, ilhali hazina yake iko kwenye namba za papo hapo, hasa marekebisho ya mafuta. Hii ni asilimia inayoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani ili mchanganyiko ukae sawa. Yakiwa ndani ya 5 juu au chini ya sifuri, hakuna neno. Yakipita 10 juu ya sifuri, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na kompyuta inahangaika kufidia.

Sasa tazama yanavyobadilika. Yakiwa juu injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila mguu, kisha yakashuka kuelekea sifuri unapopandisha mizunguko hadi 2,500, kuna hewa inayoingia kwa njia ya panya: mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) uliopasuka au gasketi ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Ufa ule ule ni sehemu kubwa ya hewa wakati wa sailensa, na ni sehemu ndogo sana wakati injini inavuta hewa nyingi. Yakiwa mazuri sailensa kisha yakapanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayatoshi, au sensa ya hewa imechafuka na inahesabu pungufu. Kwa kusoma namba hizo tu umeshajua ufungue upande gani wa boneti.

Kisichoonekana ni presha ya mafuta, kwa kuwa magari mengi ya zamani hayana sensa ya kuipima, na pia mkatiko wa haraka. Mawasiliano ya magari hayo ni ya polepole. Ukichagua namba ishirini zionekane pamoja, kila moja inajirudia kwa kuchelewa. Chagua tatu au nne.

Umri wa gari. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II (soketi moja na lugha moja ya kusoma kompyuta) kwa magari yote mapya ya modeli ya 1996 kuendelea, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na soketi na lugha yake. Mengi ya enzi hiyo hutoa misimbo kwa kuunganisha pini mbili kwa waya na kuhesabu mipepeso ya taa ya dashibodi. Inasaidia, ila haina namba za papo hapo. Gari la kabureta lenye distribyuta ya pointi (swichi ndogo ya moto isiyo na kompyuta) halina cha kusomwa.

Jasho na muda. Kidogo kuliko njia zote. Kwa majaribio ya barabarani chukua mtu wa kushika skana. Dereva anayekodolea macho simu akingoja gari lisite anatafuta hitilafu kubwa kuliko aliyonayo.

Uongo wake. Msimbo humtaja shahidi, watu wakamfunga shahidi. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi upande wa kwanza wa injini. Anayeripoti ni sensa ya oksijeni, na kila siku kuna mtu anayeitupa sensa nzima kwa kosa la kusema ukweli. P0302 inasema silinda ya pili inamisi. Haisemi kama ni plagi, koili, nozeli inayonyunyizia petroli, au vali. Pia usifute misimbo kabla ya kuiandika pamoja na picha yake. Ukiifuta umechoma ushahidi.

Inamfaa mwenye gari la mwishoni mwa miaka ya 1990 au baadaye, anayeliendesha kila siku, na aliye tayari kusoma namba badala ya kukimbilia duka la vipuri na msimbo mkononi.

## Njia ya pili: geji na mita

Hitilafu iwepo? Mara nyingi ndiyo, lakini kuna ujanja. Geji ya presha ya mafuta yenye mpira mrefu unaweza kuipitisha chini ya ukingo wa boneti na kuifunga kwa tepu juu ya kioo cha mbele, nje, ukaendesha ukiitazama. Nje, narudia, geji iliyojaa petroli yenye presha haiingii ndani ya gari. Mpira usiguse ekzosi wala feni, toa presha ya mfumo kabla ya kufungua kiungo chochote, na kizima moto kiwe karibu. Gari likisita huku mshale umeshuka, ugomvi uko kwenye mafuta. Likisita huku mshale umetulia, mafuta hayana hatia na nusu ya orodha yako imefutika.

Inaona nini? Njia hii ina vipimo vingi na kila kimoja hujibu swali lake.

Presha: injini nyingi zenye nozeli kwenye manifoldi hufanya kazi kati ya baa 2.5 na 3.5, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kama regyuleta ya presha ya mafuta iko kwenye reli ya nozeli na ina mpira mdogo wa vakyumu, chomoa mpira huo sailensa. Presha ipande kama nusu baa. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, ngozi ya regyuleta imetoboka. Pampu ya kabureta ni ya presha ndogo sana, sehemu tu ya baa moja, kwa hiyo geji kubwa haitakuonyesha kitu.

Vakyumu: geji ikichomekwa kwenye manifoldi, injini nzima iliyopata moto huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki sailensa, mshale ukiwa umetulia. Mshale unaotetemeka kwa mpigo unaorudiarudia huashiria vali au silinda moja. Ushike mizunguko 2,500 kwa dakika moja. Mshale ukizidi kushuka polepole, ekzosi haipumui, na masega ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kwenye mwinuko toa kama inchi moja kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Nimeona injini nzuri ikihukumiwa kifo na mtu aliyesahau kwamba yuko mlimani.

Umeme: hapa ndipo magari ya zamani yanapofia. Washa taa, feni na kila kinachokula umeme, injini ikiwaka, kisha pima kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, waya wa athi umeoza au boliti yake ina kutu, na sensa zote zinazotumia athi hiyo zinaiambia kompyuta mambo ya uongo. Sensa ya throto nayo hupimwa ufunguo ukiwa umewashwa, injini imezimwa: sogeza throto polepole kutoka kufungwa hadi kufunguka, na volti zipande kwa utaratibu kutoka karibu 0.5 hadi karibu 4.5. Ikiruka au kudondoka mahali fulani, njia ya ndani imelika. Zile mita za hewa za kibao za miaka ya 1970 na 1980 huugua ugonjwa huo huo, na hulika pale kibao kinapokaa muda mwingi zaidi, yaani mwendo wa kawaida wa safari. Ndiyo maana gari hulalamika likiwa katikati, si chini kabisa wala juu kabisa.

Kuna pia jaribio la chupa ya maji ya kunyunyizia. Giza likiingia, injini ikiwaka, nyunyiza ukungu mwembamba kwenye waya za plagi na koili, ukasikilize na kutazama. Moto unaovuja huonekana kama mwanga wa buluu unaorukia chuma. Mikono mbali, kwani huo ni umeme wa volti 20,000 na zaidi.

Umri wa gari. Lolote, na kadiri gari linavyokuwa la kale ndivyo njia hii inavyozidi kutawala.

Jasho na muda. Mwingi. Unahitaji kitabu cha gari, utulivu, na mahali penye hewa.

Uongo wake. Mita ya tarakimu huchukua wastani, kwa hiyo mkatiko mfupi wa sensa unaweza usionekane. Mita ya mshale hapo ni bora, mshale hurushwa ukauona. Na presha nzuri si lazima iwe na wingi mzuri. Pampu iliyochoka inaweza kushika presha sailensa siku nzima, ikashindwa mlimani injini inapodai lita zake.

Inamfaa anayependa kujua kwa nini, mwenye gari la kabureta au la nozeli za mwanzo, na ambaye gari si tegemeo lake pekee la asubuhi.

## Njia ya tatu: kipuri cha kuazima

Njia hii hudharauliwa, sehemu kwa haki na sehemu kwa kuonewa. Kununua vipuri kwa kubahatisha ni jambo moja. Kuhamisha kipuri kwa makusudi ili uone ugonjwa unahamia wapi ni jambo jingine, na hilo ni uchunguzi halali.

Hitilafu iwepo? Inabidi irudi, au isirudi, na wewe ungoje. Skana ikitaja silinda ya pili, hamisha koili yake kwenda silinda ya nne. Msimbo ukibadilika kuwa P0304, koili ndiyo mgonjwa, na hukutumia chochote. Usipohama, hamisha plagi, kisha fikiria nozeli. Relei ya pampu ya mafuta nayo mara nyingi hufanana kabisa na ya honi. Zibadilishane, kisha uendeshe wiki.

Inaona nini? Kile tu ulichokigusa.

Umri wa gari. Nzuri sana kwa magari ya distribyuta, ambako kifuniko, rota, plagi na waya ni vitu vya kubadilishwa kwa ratiba hata hivyo. Mbaya kwa vipuri vinavyotaka kutambulishwa kwa kompyuta ya gari au kwa mfumo wa kuzuia wizi.

Jasho na muda. Jasho dogo, kusubiri kwingi.

Uongo wake. Hii ndiyo njia inayodanganya kwa utamu kuliko zote. Gari lililosita mara moja kwa siku nne litakwenda vizuri siku tatu baada ya kubadilisha chochote, hata ungebadilisha redio. Kanuni yangu: ngoja walau mara tatu ya muda mrefu zaidi uliowahi kupita bila kusita ndipo useme limepona. Kuna mtego mwingine wa siri. Ulipochomoa kiunganishi ili kuweka sensa mpya, ulisugua pini zake. Pengine kilichotibu ni kusugua, na kutu ikirudi ugonjwa utarudi, safari hii ukiwa umekwisha kuiondolea lawama sehemu yenye kosa. Kwa hiyo kabla ya kununua sensa, chomoa na kuchomeka kiunganishi chake mara kadhaa, kisafishe, uendeshe. Na usitupe kipuri cha zamani, kwani kipuri kipya huweza kuja kikiwa kibovu.

Inamfaa mwenye historia isiyojulikana ya matengenezo, kwa vile plagi na filta vinahitajika hata hivyo, au mwenye rafiki aliye na gari la aina moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu na gari likapona, hujui ulichotibu.

## Njia ya nne: fundi mwenye oskiloskopu na mashine ya moshi

Hitilafu iwepo? Inategemea kifaa. Oskiloskopu huchora umeme kama mawimbi, kwa kasi ambayo skana haiikaribii, na inaweza kuona udhaifu hata siku ambayo gari linakwenda vizuri. Fundi akipima mkondo wa pampu ya mafuta, kila kipande cha komuteta (sehemu ya mota inayopokea umeme) huchora kilima chake. Kilima kimoja kilicho kifupi kinachojirudia ni pampu inayoelekea kufa. Mawimbi ya koili nayo humwonyesha silinda inayodai volti nyingi kuliko wenzake. Mashine ya moshi husukuma moshi kwa presha ndogo sana ndani ya manifoldi, na moshi hutokea penye ufa.

Inaona nini? Karibu kila kitu, ikiwemo sensa ya krenki inayopoteza mpigo mmoja kati ya maelfu.

Umri wa gari. Wote. Mawimbi ya distribyuta ya pointi yalisomwa kwa vifaa hivi kabla magari hayajawa na kompyuta.

Jasho na muda. Jasho si lako, ila gari huondoka mikononi mwako kwa siku kadhaa, maana fundi makini atataka kuliendesha mpaka lisite. Ukimkabidhi gari bila daftari, unamlipa akafanye upya kazi uliyoweza kufanya wewe.

Uongo wake. Hapa nina kisa changu. Gari langu lilikuwa linasita kila nilipoondoka kwa nguvu, si kila siku, na skana ilikuwa na P0171 ya kusubiri. Moshi ulipigwa, hakuna ulipotokea. Niliambiwa vakyumu ni salama, nikaifuta kwenye orodha na kuhangaika na pampu kwa wiki kadhaa. Siku moja nikagundua kwamba nikirudi nyuma, hata nikikanyaga sana, halisiti kamwe. Raba moja inayobeba injini ilikuwa imekufa. Nikienda mbele kwa nguvu injini ilijipinda upande mmoja na kuvuta ule mpira mnene wa hewa ulio kati ya sensa ya hewa na throto. Kwenye mkunjo wake wa chini palikuwa na ufa uliofunguka wakati huo tu. Kurudi nyuma injini ilijipinda upande wa pili, ufa ukafungwa. Moshi ulipopigwa injini ilikuwa imelala kimya. Mashine haikukosea; ilijibu swali la injini iliyolala.

Inamfaa aliyekwisha kujaribu mambo mepesi, mwenye gari linalokatika kwa namna ya kuhatarisha, au asiye na nafasi wala hamu ya kujifunza umeme.

## Chagua kwa hali yako

Kama gari lina soketi ya OBD-II na linasita bila kuzima, anza na skana, lakini soma marekebisho ya mafuta sailensa na kwenye mizunguko 2,500 kabla ya kusoma kitu kingine. Majibu hayo yatakuambia kama hatua ya pili ni geji ya mafuta au kutafuta ufa wa hewa.

Kama ni la kabureta, ruka skana. Fuata mpangilio huu: mrusho wa pampu ya kabureta, mwanya wa pointi, kifuniko na rota, kisha mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta. Uchomoe upande wa kabureta, uvute hewa kwa mdomo. Kama haushiki, ngozi ya ndani imetoboka na taiming haisogei unapokanyaga.

Kama linasita baada ya mwendo mrefu na linapona ukipumzika, kabla ya kutumia chochote fungua mfuniko wa tangi pale pale linapolalamika. Hewa ikivutwa ndani kwa mlio na gari likachangamka, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Lisipochangamka, rudi kwenye geji iliyofungwa juu ya kioo.

Kama linasita siku za mvua, chupa ya maji na macho yako usiku vitakupa jibu haraka kuliko mashine, na hapo kuhamisha koili au waya ni hatua ya haki.

Kama hujui plagi zilibadilishwa lini, badilisha plagi na filta ya mafuta sasa, uziweke za zamani kwenye mfuko wenye alama ya silinda. Rangi ya kila plagi itamsaidia yeyote atakayekuja baadaye. Moja iliyo nyeupe kati ya nne za kahawia ni habari.

Kama umeshanunua vipuri viwili bila nafuu, acha kununua. Chukua daftari na misimbo uliyoandika, pamoja na orodha ya ulichobadilisha na tarehe zake, umpelekee mwenye oskiloskopu. Mwambie pia gari linavyofanya kwenye gia ya nyuma.

Na kama linakatika kabisa, mshale ukianguka ghafla katikati ya mwendo kasi, usiendelee kulitafutia ugonjwa barabarani kwa njia yoyote kati ya hizi. Injini ikizima, nguvu ya usukani hupotea, na ya breki huisha baada ya mikanyago michache. Livutwe hadi kwa fundi, sensa ya krenki ipimwe ya kwanza, ikiwa ya baridi na ikiwa imepashwa joto.